Mbio za magari za saa 24: mwongozo kwa anayekwenda uwanjani mara ya kwanza

Mgeni wa mbio za ustahimilivu mara nyingi hufanya jambo moja: hutafuta kiti kinachotazama mstari wa kuanzia, hukaa hapo, na baada ya saa tatu hajui tena nani anaongoza. Magari yaliyokuwa mbele yameingia piti, yaani kituo cha mafuta na matairi kando ya barabara, yaliyokuwa nyuma yameonekana mbele, na lile alilolishangilia halijapita kwa dakika kumi. Anachoka, anarudi hotelini jioni, na hivyo anaukosa usiku, ambao ndio utamu wenyewe. Tatizo si macho yake. Mbio hizi zinataka ujue cha kufuata, utembee, na uupangie mwili wako ratiba kama timu zinavyowapangia madereva.

Kwanza, chagua mbio zinazokufaa

Kama hujawahi kukesha nje, anza na mbio za saa 6. Ubingwa wa dunia wa mbio za ustahimilivu, WEC, una mbio za muda huo Spa (Ubelgiji), Fuji (Japani) na Interlagos (Brazili). Utaona kila kitu cha msingi, yaani kubadilishana madereva, kujaza mafuta na magari ya makundi tofauti ya kasi kupitana, kisha ukalale kitandani. Sebring, jimbo la Florida, mwezi Machi, ni hatua ya katikati: saa 12, kuanzia asubuhi hadi usiku, juu ya saruji ya uwanja wa zamani wa ndege inayoyarusharusha magari kiasi kwamba unayaona yakidunda kwa macho matupu.

Ukiamua kuingia moja kwa moja kwenye saa 24, ujue viwanja havifanani hata kidogo. Daytona, pia Florida, mwishoni mwa Januari, ni mzunguko wa kilomita 5.73, na kutoka juu ya jukwaa kubwa unaona karibu uwanja wote. Gari halikupotei. Lakini usiku wa Januari una takriban saa 13 za giza, na baridi yake huwashangaza wanaodhani Florida ni joto mwaka mzima. Le Mans, Ufaransa, mwezi Juni, ni kilomita 13.626, sehemu kubwa ikiwa barabara za kawaida zinazofungwa kwa ajili ya mashindano. Hapo gari likikupita hulioni tena kwa dakika tatu na nusu, ila giza lake ni la saa nane hivi tu. Spa, Ubelgiji, ina kilomita 7.004 za milima na misitu, na mvua inaweza kunyesha upande mmoja huku upande wa pili barabara ikiwa kavu. Nürburgring, Ujerumani, hutumia mzunguko wa zaidi ya kilomita 25 katikati ya msitu, ukiwa na magari zaidi ya 100. Hiyo ya mwisho tunaipenda sana, ila usiifanye ya kwanza kama huna mwenyeji: ukikosea mahali pa kusimama, kurejea kunaweza kukula nusu ya siku.

Tiketi: soma inachofungua na isichofungua

Tiketi ya kawaida ya kuingia inatosha kwa mtu wa mara ya kwanza. Kiti cha jukwaani ni kizuri kwa saa ya kuanza na saa ya mwisho, lakini katikati utakuwa unatembea. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo haya manne yameandikwa waziwazi: tiketi inahusu siku zipi (wiki ya Le Mans huwa na mazoezi ya usiku Jumatano na Alhamisi), kama maegesho ya gari yanalipiwa kando, kama hema linahitaji tiketi yake ya kambi, na kama ukitoka getini unaweza kurudi. Hilo la nne husahaulika zaidi. Wengine hutoka kuchukua koti kwenye gari usiku wakazuiwa kurudi kwa sababu hawakugongwa muhuri mkononi.

Matembezi ya piti, pale yanapouzwa au kutolewa, usiyakose. Katika mashindano ya IMSA, chama cha mbio za magari cha Marekani, mwenye tiketi ya kawaida anaweza kutembea kati ya magari yakiwa yamepangwa barabarani kabla ya mbio. Chungulia ndani ya gari: utaona kiti kigumu chembamba, usukani uliojaa vitufe, na bomba la maji ya kunywa. Ukishaona dereva anakaa wapi, kila kitu utakachokiona baadaye kitakuwa na maana zaidi.

Le Mans hupokea watu zaidi ya 300,000, kwa hiyo kambi zilizo karibu na barabara huisha mapema. Aliyekosa kambi bado ana njia: treni ya kasi kutoka Paris huchukua kama saa moja, na tramu ya mji hufika karibu na uwanja. Fika Alhamisi au Ijumaa. Ijumaa alasiri madereva huzungushwa mjini kwenye magari ya wazi, na hapo ndipo utawaona karibu kuliko wakati wowote.

Jifunze makundi kabla hujafika

Hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika mwongozo huu. Barabarani hakuna shindano moja. Kuna mawili, matatu au zaidi, yote kwa wakati mmoja.

Chukua Le Mans. Hypercar ndiyo magari yanayowania ushindi wa jumla: Ferrari, Toyota, BMW, Cadillac na wenzao. LMP2 ni magari mepesi ya mashindano yenye injini ya aina moja kwa timu zote. LMGT3 ni magari yenye umbo la yale yanayouzwa madukani, yaliyoandaliwa kwa mashindano. Hypercar huzunguka kwa takriban dakika 3 na sekunde 30. LMGT3 kwa takriban dakika 4. Sekunde 30 za tofauti zina maana kwamba Hypercar hulikuta gari lilelile la LMGT3 kila baada ya mizunguko minane hivi, karibu kila nusu saa. Na magari ya LMGT3 yako zaidi ya ishirini. Kwa hiyo dereva wa Hypercar anapita mtu karibu muda wote, mchana na usiku, na wa LMGT3 anaendesha jicho moja likiwa kwenye kioo. Ajali nyingi na nafasi nyingi zinazopotea hutokana na kupitana huku, wala si na mapambano ya walio kundi moja.

Ukitaka kujua gari ni la kundi gani, tazama rangi ya kibao chenye namba. Kila kundi lina rangi yake, na kitabu cha programu kitakueleza. Usiku, kwenye mashindano ya WEC, angalia taa ndogo ubavuni: moja ikiwaka gari ni la kwanza katika kundi lake, mbili la pili, tatu la tatu.

Kisha fanya hivi: chagua gari moja katika kila kundi, si zaidi. Andika namba zake kwenye karatasi. Hayo ndiyo magari yako hadi mwisho. Anayejaribu kufuata yote 62 ya Le Mans hafuati hata moja.

Mzigo

Vizibo vya masikio ndivyo vya kwanza. Vile vya sponji vinatosha, lakini watu wengi huvivaa vibaya: visokote vyembamba kwa vidole, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, ingiza, kisha shikilia kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka vitanuke. Kikichungulia nje ya sikio, hakikukingi. Beba jozi tano kwa kila mtu, maana hudondoka matopeni. Mtoto mpatie vifuniko vya masikio vya kuvaa kichwani, vya saizi yake. Vya mtu mzima huachia mwanya.

Vingine:

- redio ndogo ya FM na waya wake wa masikioni, pamoja na betri za akiba
- betri ya kuchajia simu, angalau mAh 20,000
- viatu vilivyofunikwa, vyenye soli nene, ambavyo umeshavizoea. Soksi jozi tatu
- nguo za kuvaa tabaka juu ya tabaka, koti la mvua la kuvaa mwilini (mwavuli unawaziba walio nyuma yako na mara nyingi hukatazwa jukwaani)
- tochi ya kichwani, ikiwa na mwanga mwekundu ni bora zaidi kambini
- kiti chepesi cha kukunja, na turubai dogo la kukalia kwenye nyasi zenye umande
- maji lita tatu kwa mtu kwa siku, katika chupa za plastiki, kwa kuwa vioo hukataliwa getini sehemu nyingi
- daftari dogo na kalamu ya risasi, ambayo haifi kwenye mvua
- mifuko ya plastiki miwili mikubwa

Kuhusu redio, tunasisitiza. Watu laki tatu wakiwasha simu pamoja, mtandao hulala, na programu ya muda wa mbio huganda kwenye mzunguko wa saa moja iliyopita. Redio haigandi. Le Mans kuna matangazo ya Kiingereza kwenye 91.2 FM ambayo huendelea usiku kucha. Ramani ya uwanja na ratiba ya mabasi ya ndani vipakue kwenye simu ukiwa bado na mtandao mzuri.

Siku moja au mbili kabla: tembea uwanja

Tembea wakati wa mazoezi, hujachoka na mwanga upo. Unatafuta mahali pa aina tatu. Pa kwanza ni kona inayotanguliwa na barabara ndefu iliyonyooka, ambako magari hufunga breki kwa nguvu. Hapo ndipo kupitana hutokea, na hapo ndipo utakapokuja usiku. Pa pili ni kona ya kasi, ambako utaona tofauti kati ya makundi: Hypercar hukata kama limegandishwa barabarani, LMGT3 hulala na kuyumba. Pa tatu ni mahali panapotazama piti.

Le Mans, aina ya kwanza ni kona ya Mulsanne na ile ya Arnage, zote mbali na jukwaa kuu. Utahitaji basi la uwanjani. Barabara ndefu ya Hunaudières yenyewe, ambako magari huvuka kilomita 320 kwa saa, watazamaji hawaruhusiwi kusimama kando yake. Karibu na kambi utapata Tertre Rouge na mteremko baada ya daraja la Dunlop, pazuri kwa kona ya kasi. Spa, panda kona ya Raidillon mara moja uone mwinuko wake, kisha shuka hadi kona ya Pouhon, ambako utaona zaidi. Nürburgring, nenda Brünnchen.

Pima muda wa kutembea kutoka kambini hadi kila mahali, uandike. Usiku zidisha mara moja na nusu.

Saa mbili za kwanza

Fika mahali pako dakika 90 kabla ya kuanza. Le Mans huanza saa 10 alasiri Jumamosi. Usihangaike sana na nani anaongoza mwanzoni; kinachokupasa kujua ni lini magari yako yataingia piti mara ya kwanza. Hypercar huko Le Mans hukaa nje kama mizunguko 12 kwa tangi moja, dakika 40 na kidogo. Andika daftarini: namba ya gari, saa aliyoingia, saa aliyotoka.

Baada ya mara mbili au tatu, daftari lako litaanza kukuambia mambo ambayo ubao hauonyeshi. Gari A liko sekunde 25 mbele ya gari B, lakini A limekaa nje dakika 38 na B dakika 10. Kusimama piti hugharimu karibu dakika moja au zaidi, kwa kuwa njia ya piti ina kikomo cha kilomita 60 kwa saa. Basi anayeongoza kweli ni B. Huo ndio usomaji wa mbio hizi, na mtu akiupata mara moja haumtoki.

Ukiwa mbele ya piti, tazama mpangilio wa kazi. Injini huzimwa. Bomba la mafuta huchomekwa, na wakati huohuo dereva anatoka, anayeingia anatupa kiti chake ndani, na aliyetoka anainama kumfungia mikanda. Gari huinuliwa na jeki za hewa zilizomo ndani ya gari lenyewe. Angalia kama wamebadilisha matairi. Mara nyingi hawabadilishi: tairi moja hutumika kwa matangi mawili au matatu ili kuokoa sekunde. Likitoka na matairi mapya, litazame kwenye kona ya kwanza. Katika WEC hairuhusiwi kupasha tairi joto kabla, kwa hiyo mzunguko huo wa kwanza dereva anatembea kama juu ya barafu.

Kwenye orodha ya muda, usitazame nafasi ya jumla pekee. Safu zenye faida ni nafasi ndani ya kundi, muda wa mzunguko wa mwisho, na idadi ya kuingia piti. Mzunguko wa mwisho ukiruka ghafla kwa sekunde 20, kuna jambo limetokea.

Bendera na gari la usalama

Njano ni hatari mbele, hakuna kupita. Bluu ni kumwambia wa mwendo mdogo kwamba mwenye kasi anakuja nyuma yake. Nyeupe ni gari linalokwenda polepole mbele. Nyekundu mbio zimesimamishwa. Le Mans hutumia pia maeneo ya mwendo wa polepole, kilomita 80 kwa saa, katika kipande kimoja tu cha barabara; Nürburgring wana kikomo chao cha kilomita 60.

Gari la usalama likitoka kuyaongoza magari polepole, jua kwamba uongozi wa dakika nzima unaweza kuyeyuka, kwa sababu magari hukusanywa pamoja. Wakati huo pia ndio wa kula na kwenda chooni, kwa kuwa linaweza kukaa muda mrefu: Le Mans mwaka 2024, mvua ya usiku iliyaweka magari nyuma yake kwa zaidi ya saa nne.

Usiku: lala kwa mpango

Kukesha saa 24 mfululizo hatukushauri. Anayekesha bila kulala hupitiwa na usingizi saa 12 asubuhi, wakati mbaya kuliko wote. Ratiba inayofanya kazi Le Mans ni hii: kula saa 1 jioni, kabla foleni hazijawa ndefu. Saa 3 usiku uwe tayari kwenye kona ya breki, ukae hadi giza liingie kabisa saa 5 hivi. Saa 7 usiku nenda kalale. Amka saa 10 na nusu alfajiri. Saa tatu na nusu za usingizi zinatosha kukusimamisha hadi mwisho. Vaa vizibo na ufunike macho.

Kwenye giza utaona diski za breki zikiiva hadi kuwa nyekundu kama makaa gari linapokaribia kona, kisha zikififia linapoondoka. Simama upande ambao gari linakuja kwa mshazari, si uso kwa uso, la sivyo taa zitakupofusha na hutaona kitu. Na kwa kuwa rangi za magari zimepotea, tumia masikio. Cadillac ina injini ya silinda nane, V8, ya lita 5.5 inayonguruma chini kifuani. Aston Martin Valkyrie ina V12 inayolia juu na kusikika kabla haijatokea. Ferrari 499P ina V6 yenye turbo, sauti yake ni kavu zaidi. Baada ya saa moja utaanza kuyatambua bila kuyaona. Sikiliza pia dereva anapoachia mafuta: aliyechoka au mwenye breki zilizochakaa huachia mapema zaidi kuliko alivyofanya saa mbili zilizopita.

Kumbuka madereva nao wanalala kwa zamu. Ni watatu kwa gari, na Le Mans hakuna anayeruhusiwa kuendesha zaidi ya saa 4 ndani ya saa 6, wala zaidi ya saa 14 kwa jumla.

Alfajiri usiikose kwa lolote. Hewa bado ni baridi, injini hupata nguvu zaidi, lami imepakwa mpira wa matairi usiku kucha, na magari mengine yameshaacha mbio. Mizunguko ya kasi sana mara nyingi hupatikana hapo. Tazama magari yenyewe: yamejaa masizi, mabaki ya wadudu na utepe ulioshikilia vipande vya bodi.

Usalama wako

Mwaka 1955 huko Le Mans, gari liliruka na kuingia kwenye watu, na zaidi ya watazamaji 80 walikufa. Kuta, nyaya na nafasi tupu unazoziona leo ziliwekwa kwa sababu kama hiyo. Usipande uzio ili upige picha, usikae juu ya ukuta, usikate kona kupitia msituni usiku. Mahali ambapo hakuna watazamaji wengine na hakuna kibao cha kuruhusu, pana sababu yake. Watoto waandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika, na mkubaliane mahali pa kukutana pasipohitaji simu.

Saa ya mwisho

Rudi kwenye jukwaa au mbele ya mstari saa moja na nusu kabla ya kumalizika. Hata uongozi ukiwa mkubwa, usiondoke. Mwaka 2016 Toyota ya Kazuki Nakajima ilikuwa inaongoza Le Mans, ikazimika mbele ya jukwaa kuu zikiwa zimebaki dakika kama tatu. Porsche ikashinda. Toyota ile haikuhesabiwa hata kwenye matokeo, kwa kuwa mzunguko wake wa mwisho ulizidi dakika 6 zinazoruhusiwa. Ndiyo maana utaona magari mabovu yakitoka piti dakika za mwisho, yakichechemea: yanataka kuvuka mstari chini ya bendera ya miraba myeusi na myeupe. Yashangilie hayo pia.

Bendera ikishaanguka, usikimbilie maegesho. Foleni ya saa mbili ya kwanza haitembei, na dereva wenu amelala saa tatu na nusu tu. Mwacheni alale tena dakika 90 ndani ya gari, vioo vikiwa wazi kidogo, ninyi mkikunja hema.